Watu Arobaini Wamevuka Malagarasi

Kibondo, 4 Machi 2025

Dada Pelagia,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba: barua hii asiisome mtu mwingine. Usimsomee baba yako Mzee Pasikali, usiiache karibu na cherehani, usiipige picha. Ukimaliza itie jikoni pamoja na kuni. Nikijua kwamba kuna mtu wa tatu aliyeiona, sitakuwa na amani tena katika kazi hii.

Barua yako ya zamu ya saba imefika. Konda wa basi aliiacha mapokezi, wakaiweka kwenye mfuko wa barua za ofisi pamoja na nyingine thelathini na kitu. Ilifunguliwa masjala, ikagongwa mhuri wa IMEPOKELEWA, ikapewa namba na kufungwa ndani ya jalada. Wewe hujawahi kukaa masjala, kwa hiyo nikueleze. Karatasi ikishapewa namba haitoki. Namba zikiruka, karani ndiye anayetafutwa. Na kila kilichopokelewa asubuhi lazima kipandishwe kwa Bwana Gasper, mkuu wetu wa utawala, kabla ya saa nane mchana. Barua yako ilipanda.

Mimi najua ni mchezo, na wewe unajua. Bwana Gasper hajui. Aliisoma mara mbili, akatoa kalamu nyekundu, akauliza, "Nani huyu wa Rungwe Mpya?"

Usitume zamu ya nane. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, pale ulipoandika kwamba kanuni zilijaribiwa na Nathaniel wa Kibondo, nifute. Na wakikufikia, sema hatufahamiani. Simu yangu nimeizima, usinipigie.

Nisamehe kwa mwandiko huu.

Nathaniel


Rungwe Mpya, 9 Machi 2025

Kaka Nathaniel,

Barua yako sijaichoma. Nimeifungia dirisha lisipigwe na upepo.

Naona bado ni yule yule wa kidato cha tano, aliyekuwa anataka kulia akipoteza wapiga mishale sita. Umekuwa karani wa serikali, unavaa tai, na mwanamke wa Rungwe Mpya mwenye wanajeshi wa udongo juu ya vizibo vya soda anakutia homa. Mwami wako, yule mtemi wa udongo wa Muhambwe, akikuona atahamia kwangu Heru, upande wangu wa meza.

Nikufute? Kijitabu kile kina kurasa kumi na sita, na juu kabisa nimeandika: Kanuni hizi ni bure. Nakili, mpe mwenzako, badilisha kisichokufaa, usiuze. Kimeshafika Njombe na Bukoba. Juzi mwalimu mmoja wa Urambo kaniandikia kwamba wanafunzi wake hawana udongo mzuri, nikamtumia karatasi za askari wa kukata kwa mkasi. Anauliza kama ng'ombe wa mwami wanaweza kuziba njia. Swali zuri kuliko yako yote. Sasa nianze kuwaandikia watu wote hao kwamba Nathaniel hayupo, alikuwa kivuli?

Na hizi barua, usinilaumu. Kanuni ya kumi na nne tuliandika wote wawili, mezani kwa Baba, siku ile mvua ilipokuzuia: wachezaji walio mbali hutuma zamu kwa karatasi, yenye tarehe na saini, ili mtu asije akakana. Wewe ndiye uliyesisitiza saini. Ulisema simu ina kufuta.

Kitu kimoja sijaelewa. Umeandika "ilifunguliwa masjala". Masjala mko wangapi?

Mwambie huyo Bwana Gasper aje acheze. Baba anakusalimu, anasema mihogo ya mwaka huu ni mitamu na kitanda chako cha likizo bado kipo.

Zamu yako sasa. Ghala lako linanukia moshi.

Pelagia Ndayikeza


Kibondo, 12 Machi 2025

Pelagia,

Hii si ya kutania. Bwana Gasper amepeleka nakala mahali. Sijui wapi, nimeona tu daftari la kutolea barua limesainiwa na dereva. Amepiga mstari mwekundu chini ya "watu arobaini", chini ya "Malagarasi", chini ya "Busunzu" na chini ya "ghala". Jana aliniita akauliza kama najua mtu yeyote anayeandikiana na watu wa Rungwe Mpya. Nikasema ofisi hupokea barua nyingi.

Ficha askari. Ficha vijitabu. Mwambie Mzee aende kwa shangazi yako Kakonko akapumzike kidogo.

Nakuomba.

N.


Rungwe Mpya, 19 Machi 2025

Nathaniel,

Barua yako imenifikia jana. Wao walinifikia juzi, Jumatatu.

Walikuja wanaume watatu na gari jeupe, saa nne asubuhi. Nilikuwa nashona sare za kwaya. Hawakusema wametoka ofisi gani, ila mmoja alikuwa na jalada la ofisi yenu chini ya kwapa. Aliuliza, "Wewe ndiye Pelagia Ndayikeza?" Nikasema ndimi. Akaniuliza watu arobaini wako wapi. Nikamwonyesha. Walikuwa wamepangwa juu ya gunia la kijani kwenye meza, nyuma ya matanuri niliyotengeneza kwa vipande vya godoro. Nikamwambia, hesabu mwenyewe, ni arobaini kamili, warefu kama kidole gumba.

Hakucheka. Alimwinua mwami wako kwa kichwa kama mtu aliyeshika panzi, akamgeuza kuangalia chini kama kuna kitu kimeandikwa. Kimeandikwa Fanta.

Halafu akaisoma barua yangu kwa sauti. Nakuandikia hapa ili ukumbuke ilivyokuwa, maana nadhani umeisahau: "Zamu ya saba. Kikosi changu cha pili, watu arobaini, kimevuka Malagarasi inchi nane juu ya daraja na kujificha nyuma ya matanuri ya Busunzu. Dadu ikinipa nne au zaidi, ghala la mwami wako linawaka." Akaniuliza huyu Dadu anayenipa nne anaishi wapi. Nikatoa dadu mfukoni nikaiweka mezani. Akaitia kwenye bahasha, akaandika juu ya bahasha: kielelezo.

Nikamwambia ni mchezo. Nikampa kijitabu. Akafungua ukurasa wa vikosi, ukurasa wa kuvuka mito, ukurasa wa kuchoma maghala, akasema, "Na unagawa bure?" Nikasema ndiyo, bure. Akakitupa mezani akasema, "Nani anagawa kitu kama hiki bure?" Hapo ndipo hasira zilinipanda, Nathaniel. Ningekuwa nauza asingeshangaa.

Nikasema yupo mtu ofisini kwenu anayeujua mchezo huu miaka sita, muulizeni. Akatabasamu. Akafungua jalada akanigeuzia karatasi ya mbele, ile mnayoandikiana maoni. Nimeisoma: "Barua namba 37. Imefunguliwa na kupokelewa na mimi. Mwandishi hajulikani kwa karani. Mada haieleweki. Naomba maelekezo."

Haikuwa na haja ya jina chini. Nina barua zako hamsini na mbili kwenye sanduku la uzi. Naijua hiyo g yako yenye mkia kama wa mbuzi.

Kwa hiyo masjala mko wangapi? Uko peke yako. Wewe ndiye uliyeifungua. Hilo nakusamehe, mkono wa karani unafungua bahasha hata usingizini. Lakini ulipoona mwandiko wangu ulikuwa na kalamu mkononi na nafasi tupu ya kuandika maneno mawili: barua binafsi. Ukaandika hujui mimi ni nani.

Wamechukua askari wote, mia mbili na kumi na nne, miaka mitatu ya kufinyanga na kuchoma. Waliwamimina kwenye gunia la mahindi. Niliwasikia wakivunjika.

Halafu wakaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema hapa, nimezaliwa hapa. Wakasema, na baba? Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akaenda ndani mwenyewe, bila kuambiwa, akaleta lile kopo la maziwa. Unalijua. Cheti chake cha uraia hakijawahi kukunjwa tangu alipopewa, yeye aliyekuja hapa mkimbizi. Alikitoa kwenye plastiki na kukikabidhi kwa mikono miwili, akidhani watakisoma na kumrudishia. Wakakitia kwenye jalada. Wakasema kitakaa humo mpaka barua namba 37 ipatiwe maelezo, na kuanzia wiki ijayo, kila Alhamisi aende Kibondo kuripoti.

Maelezo unayo wewe. Ni sentensi moja. Iandike.

Pelagia


Kibondo, 24 Machi 2025

Dada Pelagia,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimeifunga nikaifungua tena kama vile ingebadilika.

Ni kweli. Nilikuwa nafungua bahasha kwa kisu, moja baada ya nyingine, nagonga mhuri, naandika namba kwenye rejesta, bila kusoma. Ndivyo tulivyofundishwa, namba kwanza na kusoma baadaye. Nilipofika kwenye saini yako mhuri ulikuwa umeshakauka. Ningeweza kuandika "binafsi, imefunguliwa kwa makosa". Utaratibu upo, nimeufanya kwa barua za wengine.

Sikuandika kwa sababu vijitabu thelathini nilivyokutumia mwaka jana nilivichapa hapa. Karatasi ya ofisi, mashine ya ofisi. Nilikuambia nilichapa stationari. Mtu akiuliza Nathaniel anamjuaje Pelagia atafika kwenye kijitabu, na chini ya kila ukurasa mashine yetu huacha alama nyeusi kama ukucha. Bwana Gasper anaijua alama hiyo, huilalamikia kila wiki. Mimi bado niko kwenye majaribio. Mwezi wa tano nathibitishwa kazini au nafukuzwa. Mama yangu Mpwapwa amewatangazia watu wote kanisani.

Najua haya hayalingani na cheti cha Mzee. Nakueleza tu ujue haikuwa chuki.

Nimefikiria namna. Labda uandike maombi rasmi, kwa heshima, uambatanishe kijitabu kilichoandikwa upya kwa mkono, kisichokuwa na ile alama. Mimi nitahakikisha kinapanda haraka. Kwa njia hiyo jambo litakwisha bila mtu kuumia.

Tafadhali choma na hii.

Nathaniel


Rungwe Mpya, 29 Machi 2025

Nathaniel,

Bila mtu kuumia. Umeyaandika maneno hayo ukiwa umekaa kwenye kiti.

Nikueleze Alhamisi. Baba aliondoka alfajiri akiwa amevaa lile koti la ubatizo wangu. Ana miaka sabini na moja. Walimkalisha kwenye benchi la nje, mkabala na dirisha la masjala, kuanzia saa mbili mpaka saa tisa. Hakuulizwa kitu. Saa tisa mtu akatoka na daftari, Baba akasaini, akaambiwa wiki ijayo.

Alirudi akakaa, akaomba maji, halafu akaniambia, "Pale ndani nimeona kijana anafanana sana na Nathaniel wetu. Nikampungia mkono. Akashusha pazia."

Nikamwongezea maji.

Akasema, "Si yeye. Nathaniel angetoka kunisalimia."

Alikula, akalala. Mimi nilikaa na hilo neno. Umelala nyumbani kwetu likizo nne kwa sababu Mpwapwa ni mbali. Alikuwa anakupa wewe supu kwanza, mimi baadaye, anasema mgeni hasubiri. Na bado anakutetea mbele yangu, kwa kuwa haiwezekani kichwani mwake kwamba yule alikuwa wewe. Sijamwambia. Sikufichi wewe, namwepusha yeye.

Sitaandika maombi kwa heshima. Sina ninachoomba. Sitaandika kijitabu upya ili kuficha alama ya mashine yako. Kwa miaka sita nimempa kila aliyetaka kitu nilichokitengeneza kwa kichwa changu na mikono yangu, sijamuuliza mtu kabila wala dini wala alitoka wapi. Leo ndiyo najibu maswali, kwa kuwa mtu mmoja hakutaka kuandika maneno mawili.

Unaikumbuka kanuni ya tisa. Hiyo ni yako peke yako, mimi niliona ni kali mno: "Mchezaji akigundua amekosea, alitaje kosa lake kabla mpinzani hajaliona. Akilificha, kikosi chake chote kitasimama zamu mbili." Nilikuuliza nani atajua kama kalificha. Ukasema, yeye mwenyewe atajua, na inatosha.

Usinijibu kama huna kitu kipya. Zamu yako imepita tangu tarehe nne.

Pelagia


Kibondo, 4 Aprili 2025

Dada Pelagia,

Mzee atakuwa amefika kabla ya barua hii na atakuwa amekueleza kwa namna yake. Mimi nakueleza kwa yangu, kwa sababu kuna mambo hakuyasikia.

Jana saa mbili na robo nilimwona anakaa kwenye benchi. Pazia lilikuwa wazi. Aliangalia dirisha, halafu akaangalia miguu yake. Hakupunga mkono. Nadhani hakutaka kumsumbua yule kijana anayefanana na mimi.

Nilichukua jalada. Nyuma ya barua namba 37 nikafunga kijitabu chako, nakala yangu yenyewe, yenye alama ya ukucha kwenye kila ukurasa, nikakipa namba 38. Kwenye karatasi ya mbele nikaandika, chini ya maneno yangu ya kwanza ili yasomwe pamoja: "Maoni ya juu ni uongo. Mwandishi namjua tangu kidato cha tano. Barua ni ya kwangu, ni zamu ya saba ya mchezo wa mezani ambao kanuni zake ziko namba 38. Nilizichapa kwa mashine ya ofisi bila ruhusa. Cheti kilichomo humu ni cha mtu asiyehusika." Nikasaini jina lote.

Halafu nikatoka nje. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee Pasikali." Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Marahaba. Kumbe ni wewe." Basi. Sijawahi kupigwa namna ile.

Nilimpeleka mpaka kwa Bwana Gasper. Gunia la askari lilikuwa kwenye kona, nyuma ya mlango. Bwana Gasper alisoma maoni yangu akasema, "Kijana, unajua umeandika nini hapa?" Nikasema najua. Akasema, "Hii haithibitishi kitu. Hata majeshi hufanya mazoezi mezani." Nikamwomba dakika kumi. Nikawamwaga askari mezani kwake, nikapanga arobaini kwa kufuata barua yako. Mto niliuweka kwa futi yake ya kitambaa, ile yenye inchi. Dadu ilikuwa bado kwenye bahasha ya kielelezo. Nikamwomba aniazime kiberiti.

"Cha nini?"

"Ndiyo ghala, Bwana. Tangu mwanzo ghala ni kiberiti. Na inchi nane ni hizi. Ulipigia mstari kila neno isipokuwa inchi."

Alipima mwenyewe. Alipima mara mbili. Akauliza kwa nini wapiga mishale wa Muhambwe wasiwaone hao arobaini, nikasema matanuri yamewakinga, ukurasa wa sita. Akasoma ukurasa wa sita. Akasema kanuni hiyo inawapendelea washambuliaji. Nikasema nimekuwa nikimwambia mtunzi hivyo kwa miaka sita.

Nikampa Mzee dadu, nikasema, rusha kwa niaba ya Pelagia. Akarusha. Mbili.

Bwana Gasper akauliza, "Kwa hiyo haliwaki?"

"Haliwaki," nikasema.

Hapo nikaona anatafuta mlango wa kutokea. Ndipo mimi nilipokasirika, Dada, na si kwa sauti. Nikamwambia kwamba mzee huyu amekaa kwenye benchi letu Alhamisi mbili kwa sababu ya kiberiti na godoro, kwamba alitoa karatasi yake kwa mikono miwili na sisi tukaifungia ndani, mimi kwa uoga na yeye kwa kalamu nyekundu. Nikasema barua namba 37 imepata maelezo na kwa utaratibu wetu wenyewe kilichokuwa kinasubiri lazima kitoke leo. Akasema, "Nifundishe na kazi." Lakini alisaini. Utaratibu ni kitu pekee anachokiogopa.

Cheti kimetoka. Nilikitoa mimi kwenye jalada, Mzee akakiangalia mbele na nyuma, akakitia kwenye plastiki, plastiki kwenye kopo. Ana kopo lile kila Alhamisi, kumbe, tupu, kwa ajili ya siku hiyo. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi. Alipopanda ngazi aligeuka akasema mihogo imebaki kidogo. Sijui alimaanisha nije au nimechelewa.

Askari mia moja hamsini na tatu ni wazima, amewachukua. Sitini na mmoja wamevunjika. Wako kwangu na vipande vyao kwenye boksi la karatasi za ofisi, nimeanza kuwagundisha, mkono kwa mkono. Mwami wangu hana kichwa. Huyo nitamwacha hivyo.

Saa kumi nilipewa barua ya kusimamishwa kazi. Niliigonga mhuri mwenyewe na kuipa namba, kwa kuwa hakukuwa na karani mwingine. Mama bado sijamwambia.

Sikuombi unisamehe. Niliandika kosa langu baada ya wewe kuliona, kwa hiyo kanuni ya tisa iko wazi: kikosi changu chote kimesimama zamu mbili. Zote ni zako, fanya unavyotaka. Ghala halijawaka, lakini haliwezi kujitetea.

Barua zangu usizichome. Ile ya tarehe nne, iliyokuomba ufiche, ibandike popote unapotaka.

Ukiandika, usitumie tena anwani ya ofisi. Kuanzia Jumatatu nitakuwa Kakonko, nimepata chumba kwa Mama Mwajabu anayeuza vitenge mkabala na kituo cha mabasi. Mpe bahasha konda wa basi la asubuhi linalotoka Kasulu, mwambie aishushe dukani kwake, si kwa wakala. Simu nimeiwasha, namba ni ile ile. Nje ya bahasha andika jina langu lote kwa herufi kubwa, na nyuma yake andika la kwako, ili atakayeishika ajue imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani.

Nathaniel